Springi za upepo mbele ya hotirodi: ekseli itashikwa na nini?

SWALI: Fundi, naishi Columbus, Ohio, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiunda Ford Model A ya 1930 kwa mtindo wa hotirodi za zamani, yaani magari ya kale yaliyoundwa upya yawe na kasi. Mbele ina ekseli nzima ya chuma cha kufua iliyoshushwa inchi 4, ile springi moja ya Ford iliyolala kukingama, mikono ya ekseli (vyuma vinavyoishika kutoka nyuma) iliyokatwa katikati na kufungwa pembeni mwa chasisi, pamoja na boksi la usukani la Chevrolet Vega. Nataka kuondoa springi hiyo na kuweka maputo mawili ya upepo ili gari lilale chini likiegeshwa. Jamaa mmoja amenishauri nichomelee sahani mbili juu ya ekseli, niweke maputo, kazi iishe. Je, nichukue maputo ya ukubwa gani, na nijaze upepo kiasi gani?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako limenifikia kwa sura nyingi mwaka huu, na karibu kila mara huulizwa kama ulivyouliza wewe, yaani ukubwa wa puto na kiasi cha upepo, kana kwamba mambo mengine yote yamekwisha kutatuliwa. Hayajatatuliwa. Kabla hujanunua chochote, lala chini ya gari lako na uitazame vizuri hiyo springi unayotaka kuitupa.

Springi hiyo imefungwa katikati kwenye chasisi, na ncha zake mbili zimening'inizwa kwenye ekseli. Inabeba uzito, ndiyo, lakini pia ndiyo inayoizuia ekseli isiteleze kwenda kushoto na kulia. Ford waliutumia mpangilio huu tangu Model T ya 1908 hadi magari ya 1948, na sababu moja iliyoufanya udumu ni kwamba kipande kimoja kilifanya kazi ya vipande viwili. Puto la upepo halifanyi kazi hiyo ya pili. Ni mfuko wa mpira wenye hewa ndani. Hubeba mzigo ulio juu yake, na ukilisukuma kwa ubavu hupinda tu. Msomaji aliyewahi kuinama chini ya basi la safari ndefu lenye springi za upepo, iwe Dar es Salaam au Nairobi, ameziona zile fimbo nene zinazotoka kwenye ekseli kwenda kwenye chasisi. Hazikuwekwa kama mapambo, kwa maana bila hizo basi lingeiacha ekseli yake kwenye kona ya kwanza.

Mwaka jana gari la aina ya lako liliingia gerejini kwangu, likiwa limefungwa maputo na mtu aliyejitangaza kuwa bingwa. Mwenyewe alilalamika kwamba usukani "unatangatanga", na bingwa wake alikuwa amemwambia aongeze upepo. Nilishika ncha ya mbele ya chasisi kwa mikono miwili nikaisukuma kando, bila hata kukaza mwili, na chasisi ikasogea upana wa vidole vitatu huku magurudumu yakiwa yametulia palepale sakafuni. Pembeni mwa puto la kulia mpira ulikuwa umelika hadi nyuzi za ndani zikaonekana, na mkabala wake kwenye chasisi palikuwa na doa la chuma linalong'aa, mahali puto lilipokuwa likisugua. Mtu huyu alikuwa akiliendesha gari hilo kwenye barabara kuu na familia yake ndani.

Kwako hali ingekuwa mbaya zaidi kwa sababu ya boksi la Vega. Boksi hilo hukaa kushoto kwenye chasisi na husukuma fimbo inayokatiza hadi gurudumu la kulia. Kwa hiyo kila ekseli inapoteleza kando, fimbo hiyo huyageuza magurudumu bila wewe kuugusa usukani. Dawa yake ni fimbo ya Panhard, yaani fimbo ya kukingama inayoizuia ekseli isiteleze kando, iliyofungwa kwenye chasisi upande uleule wa boksi na kwenye ekseli upande wa kulia. Iwe sambamba na fimbo ya usukani, na urefu wake uwe sawa nayo kadiri inavyowezekana, ili zote mbili zichore tao moja gari linapopanda na kushuka. Fimbo fupi iliyoinama, inayowekwa kwa sababu tu ndiyo iliyopata nafasi, italivuta gari kando kila unapolipandisha na kulishusha.

Jambo la pili ni kasta, yaani mlalo wa kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia) kuelekea nyuma. Magari haya hutulia barabarani kasta ikiwa kati ya nyuzi 5 na 7 hivi. Mikono ya ekseli yako imekazwa kwenye ekseli hiyo, kwa hiyo inapopanda au kushuka huizungusha ekseli pamoja nayo. Chukua mkono wenye urefu wa inchi 36 na mwendo wa inchi 4, upige hesabu, na utapata badiliko la takriban nyuzi 6. Gari likilala, kasta huongezeka, likiinuka, hupungua. Sasa fikiria fundi anayepima kasta gari likiwa limelala, kwa kuwa ndivyo mwenyewe anavyopenda lionekane, akapata nyuzi 6 na kuridhika, kisha gari linainuliwa inchi 4 kwa safari na kubaki bila kasta yoyote. Magurudumu yanaanza kutetemeka, na mwenye gari anauziwa kifaa cha kuzuia mtetemo. Pima kwenye kimo cha kuendeshea, si cha kuegeshea.

Kuhusu kuchomelea sahani juu ya ekseli, usifanye. Joto la kuchomelea huacha ukanda mgumu na mwepesi kuvunjika kando ya mshono, katika chuma kilichofuliwa ili kistahimili kusokotwa. Nako kusokotwa kupo, kwani mikono ikishakatwa katikati na kutengwa, ekseli nzima hujisokota kila gurudumu moja linapopanda peke yake. Tengeneza vishikio vya puto vinavyofungwa kwa bolti kwenye matundu yaleyale yaliyoshikilia ncha za springi, na hapo utapata faida nyingine pia. Maputo yatakaa mbali na katikati ya gari, na hilo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu ukinzani wa gari dhidi ya kulalia upande kwenye kona hufuata mraba wa umbali kati ya springi. Ukiusogeza umbali huo hadi nusu, kinachobaki ni robo. Kila puto liwe na valvu yake. Wanaoyaunganisha mawili kwa bomba moja ili kuokoa dola chache huiruhusu hewa kukimbia kutoka upande uliolemewa kwenda upande mwepesi, na gari huanguka kwenye kona kama mlevi.

Weka shokapu zisizogota ndani gari likiwa limelala, na mipira ya kugotea inayobeba chasisi kabla puto halijabanwa kabisa. Ukimaliza, toa upepo wote na uzungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Kwa ekseli iliyoshushwa kama yako, tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, hupenda kugonga mikono ya ekseli. Ikigonga gerejini, itagonga pia siku puto litakapopasuka ukiwa maili 60 kwa saa. Kama umeme wa gari bado ni ule wa asili wa volti 6, kompresa ya volti 12 ya kujaza maputo haitafanya kazi ipasavyo.

Upepo uliouuliza hutoka kwenye mizani. Puto lenye eneo la kubebea la inchi 12 za mraba, likiwa na mzigo wa ratili 480, litataka ratili 40 kwa kila inchi ya mraba. Weka mzigo unaobebwa na kila puto la gari lako, na eneo la puto hilo, mahali pa hivyo vya mfano na utapata jibu lako. Binafsi ningeiacha springi, nikaondoa vyuma vyake vichache na kuweka chuma kikuu (kile kirefu kuliko vyote) chenye macho ya nchani yaliyogeuzwa, nikashuka inchi moja au zaidi bila bomba wala kompresa. Lakini gari ni lako.

Linalonikera ni kwamba maputo yanauzwa siku hizi kama vile viti au redio, kwa picha ya gari lililolala chini, na hakuna picha hata moja ya kilicho chini yake. Hilo si la hotirodi peke yake, kwa maana naliona pia kwenye pikapu na magari madogo ya juzijuzi. Yeyote anayetaka kukufungia maputo, muulize kwanza ekseli itashikwa na nini. Akikujibu kwa kutaja kiasi cha upepo, chukua funguo zako uondoke.