Re: Mafindofindo yalipona, moyo umeumiaje?

Pole sana, dada. Umeuliza inakuwaje mwanao apone mafindofindo huko Newala, kisha wiki tatu baadaye viungo vivimbe na daktari ataje moyo. Hajarogwa. Bakteria aliyeleta mafindofindo hayo, streptokoki, ana protini zinazofanana na za moyo. Mwili ukishaunda askari wa kumwinda, askari hao huvamia na vali za moyo, yaani milango yake ya kupitisha damu, kama mlinzi wa mikorosho anayempiga mwenye shamba gizani kwa kumdhania mwizi. Ugonjwa huu, homa ya rumatiki, huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Ile sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, nakuomba sana, msiikatishe hata mkimwona anacheza mpira. Mafindofindo yakirudi, vali huzidi kuharibika.