Tope la mabwawa ya majitaka kuwa bayocha: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mahindi na mboga

Mkuu, umeuliza kama tope lililokauka la mabwawa ya majitaka linaweza kuchomwa kwenye pipa likawa bayocha (mkaa wa kuweka kwenye udongo, unaochomwa bila hewa) ya shambani, na kama litafanya kazi sawa na bayocha ya kuni. Kuchomwa linachomeka. Ila kazi yake shambani ni nyingine, na wengi wanaolalamika kwamba "haifanyi kitu" walitegemea mambo ya mkaa wa kuni.

Mkaa wa kuni karibu wote ni kaboni. Tope la vyoo lina mchanga na majivu mengi, hivyo likishachomwa mara nyingi zaidi ya nusu ya kinachobaki ni madini matupu. Usilitegemee kushika maji kwenye kichanga. Faida yake kubwa ni fosforasi, ikifuatiwa na kupunguza tindikali ya udongo. Piga hesabu: bayocha yenye fosforasi asilimia 2 ina kilo 20 kwa tani, sawa na iliyomo kwenye mifuko miwili ya mbolea ya DAP ya kilo 50. Ya DAP mmea unaipata msimu huohuo. Hii inatoka polepole, misimu kadhaa. Nitrojeni nyingi imeondoka na moshi, na potasiamu ilishakwenda na maji tangu bwawani. Urea na samadi bado utavihitaji.

Kwa hiyo linafaa kwenye udongo mwekundu wenye pH (kipimo cha tindikali) chini ya 5.5, mfano sehemu nyingi za Njombe na Mbeya, ambako aluminiamu inaikamata fosforasi. Kama shamba lako liko mwambao juu ya mawe ya matumbawe na pH inakaribia 8, acha kabisa. Utaongeza chokaa juu ya chokaa na mahindi yatageuka manjano kwa kukosa chuma na zinki.

Sasa metali nzito, maana hili ndilo linaloamua kama uendelee. Moto haumalizi metali. Tope likipungua uzito kwa nusu, zinki, shaba na risasi vinabaki, kwa hiyo kipimo kwa kilo kinakuwa mara mbili. Kadmiamu huanza kutoka kwa wingi na mvuke joto likipita nyuzi 600 hivi, lakini hapo unaipumua wewe. Watu wanaogopa kadmiamu peke yake. Mara nyingi inayotangulia kujaza udongo ni zinki. Tuseme bayocha ina zinki miligramu 1,800 kwa kilo na unaweka tani 4 kwa ekari: hizo ni kilo 7.2 za zinki. Udongo wa juu wa sentimita 15 kwenye ekari ni kama tani 790, kwa hiyo umeongeza miligramu 9 kwa kilo. Mara moja si neno. Kila msimu kwa miaka kumi ni habari nyingine. Sheria ya tope ya Umoja wa Ulaya ya 1986 inaweka ukomo wa zinki kwenye udongo kati ya miligramu 150 na 300 kwa kilo. Na hao hao Ulaya, walipokubali bayocha kwenye kanuni zao za mbolea, tope la majitaka walilitoa kwenye orodha ya malighafi. Chagua tope la magari ya kunyonya vyoo vya majumbani, si la bwawa linalopokea maji ya viwanda vya ngozi au karakana za betri. Pima kabla ya kuchoma. Udongo wenyewe TARI Mlingano (kituo cha utafiti wa kilimo, Tanga) au SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro) watakupimia.

Ukikwangua kitanda cha kukaushia, acha sentimita ya mwisho ya chini; pale ni mchanga mtupu. Anika tena hadi vipande vivunjike kwa sauti, si kupinda. Vipande visizidi sentimita 3. Tope lenye unyevu ndilo kosa namba moja: kuni zote zinaishia kuchemsha maji.

Pipa la wazi la kuchomea magunzi halifai hapa, kwa kuwa tope halitoi miali ya kutosha kujikinga na hewa, linageuka majivu. Tumia pipa lililofunikwa, moto ukiwa nje, na bomba la inchi 2 linalorudisha gesi kwenye moto ule ule. Bila kurudisha gesi, majirani watakufukuza. Kifuniko kilemewe na jiwe, kisifungwe kwa bolti, kwa sababu lami (utomvu mweusi wa moshi) huziba bomba na gesi lazima ipate pa kutokea. Pipa la mabati ya zinki usiliguse, wala lililowahi kubeba dawa.

Tatizo la pipa ni katikati. Tope halipitishi joto vizuri: ukutani ni nyuzi 600, katikati hazijafika 300. Pitisha bomba la chuma la inchi 4 wima katikati ili moto upande ndani yake, na changanya sehemu tatu za tope na moja ya magunzi yaliyokatwa. Lenga nyuzi 450 hadi 550 katikati, kwa kipimajoto cha waya aina ya K. Gesi ikikoma kuwaka, shikilia moto saa moja zaidi, ziba, acha hadi kesho yake.

Vunja kipande kikubwa kuliko vyote. Kikiwa na kiini cha kahawia, au kikinuka choo ukikilowesha, rudisha pipani. Kijivu hadi ndani maana yake hewa iliingia. Cheusi chote, kinachosagika bila kuacha mafuta vidoleni, ndicho. Mayai ya minyoo hayawezi kupona kwenye joto hilo. Yanarudi kwa koleo na magunia yaliyobeba tope bichi. Tenga vifaa.

Usiweke kavu shambani. Changanya na mboji au samadi nusu kwa nusu, mwagia maji, funika wiki tatu. Kisha otesha mbegu 20 za mchicha kwenye udongo wenye sehemu moja kwa kumi ya mchanganyiko huo, na 20 kwenye udongo mtupu. Za kwenye mchanganyiko zikizidiwa waziwazi, lami haijaisha.

Kwa mahindi ya sentimita 75 kwa 30, gramu 100 za bayocha kwa shimo ni kama tani 1.8 kwa ekari. Anzia hapo, na usirudie hadi umepima udongo. Mboga za majani subirisha. Mchicha na spinachi huvuta kadmiamu kuliko punje ya mahindi. Ukipata majibu ya zinki na pH yaweke hapa tukokotoe kiasi cha ekari yako.