Kujijengea nyumba Bukavu: siku usizoweza kukosa kwenye shantie (mahali pa ujenzi)

Dada, umesema uko kazini Kinshasa, parseli yako, yaani kiwanja, iko Panzi, na hujui kama usimamie mwenyewe kwa simu ukimtumia mdogo wako, au umpe mtu wa kampuni anayedai asilimia 15 ya gharama yote. Mimi nilisimamia yangu mwenyewe, kule Bagira, huku nikienda kazini kila siku. Nikuambie yaliyonipata.

Nyumba ilitoka vizuri. Kilichoniumiza ni ukuta wa kuzuia udongo. Parseli yangu ina mteremko, kama nyingi za mji huu, kwa hiyo tulikata kilima tukapata mahali pa kujenga, kisha tukainua ukuta wa mawe nyuma ya nyumba, mita 8 toka kona hadi kona. Tulikuwa tumeelewana na masoni, fundi wa kujenga kuta, kwamba nyuma ya ukuta apange mawe matupu ili maji yashuke, na apitishe vipande vya bomba ukutani yapate pa kutokea. Siku ya kujaza udongo nilikuwa kazini. Niliporudi jioni nikakuta ukuta umenyooka, juu pameshindiliwa vizuri. Nilimshukuru, nikamlipa.

Novemba mvua zikakolea. Asubuhi moja mke wangu akaniita nje: ukuta umetoa tumbo, katikati una ufa wa kuingiza kidole, chini yake yanachuruzika maji mekundu. Tulipoubomoa tukakuta udongo wa mfinyanzi umegandamana na ukuta, jiwe hakuna hata moja, na mabomba mawili tu, yote yameziba. Kuujenga upya kulinitoa dola 1,400. Zilikuwa pesa za mabati.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mwenye nyumba anaweza kukosa siku nyingi za shantie asipate hasara, ila asikose siku ambayo kitu kinafunikwa. Msingi kabla haujamwagiwa betoni, vyuma vya nguzo na vya linta (boriti ya betoni juu ya milango na madirisha) kabla mbao hazijafungwa, mabomba ya choo kabla hayajafukiwa. Ukuta wa matofali uliopinda utaupima kwa timazi hata wiki ijayo, na utabomolewa. Chuma kilichopunguzwa ndani ya nguzo hutakiona tena, na sisi tuliokuwa Bukavu tarehe 3 Februari 2008 tunajua tetemeko linavyozifanya kuta zisizofungwa juu kwa mkanda wa betoni.

Siku hizo za kufunika huwezi kuzisimamia kwa simu. Picha inaonyesha kile ambacho mpiga picha ameelekeza kamera.

Kuhusu mdogo wako, nisamehe nikisema wazi. Kijana anayeshinda na masoni mchana kutwa, wanakula pamoja, anaona haya kumwambia «bomoa». Si kwamba ataiba. Mpe kazi anayoiweza: kupokea mzigo, kuandika kwenye daftari kila mfuko wa simenti ulioingia na uliotumika, kulala na funguo za depo ya vifaa. Na umlipe kwa mwezi, kiasi kinachojulikana, hata kama ni kidogo. Ndugu asiyelipwa hujilipa, au huchoka.

Kwa siku za kufunika tafuta injinia, umlipe kwa kila ziara, kutoka mkononi mwako wewe. Asiwe rafiki wa masoni, wala asiletwe na masoni. Mwambie kwamba bila neno lake hakuna kumwaga betoni, na masoni alisikie hilo kabla hamjapatana bei. Kwangu ziara sita zingetosha, na zote pamoja zisingefika bei ya ule ukuta.

Simenti ndiyo inayopotea zaidi. Betoni ya nguzo huhesabiwa kilo 350 za simenti kwa mita ya ujazo, yaani mifuko 7 ya kilo 50. Kuhesabu mifuko mitupu hakutoshi, maana mfuko humwagwa nusu, nusu ikaondoka jioni. Mimi nilikuwa nakwangua betoni ya siku chache kwa ufunguo wa mlango. Siku moja kona ya nguzo ikamwagika kama unga. Nikawaambia waivunje palepale.

Kiangazi, Juni hadi Agosti, mafundi wanakipenda, na kuchimba ni rahisi. Lakini betoni inataka kumwagiliwa asubuhi na jioni, siku 7 angalau, na ndio wakati bomba la mtaani linakauka. Weka pesa ya wabeba bidoni za maji kwenye hesabu tangu mwanzo.

Yule wa asilimia 15 mchukue kama huwezi kumpata injinia wa namna hiyo, na hata hapo simenti na vyuma nunua wewe.

Karatasi za kadastre (ofisi ya upimaji wa ardhi) na ruhusa ya kujenga nadhani umezimaliza. Kama bado, usitume hata dola moja ya mchanga. Na kabla ya yote, mwambie mdogo wako aende kwenye parseli mvua kubwa ikinyesha, akae hapo hadi iishe, aangalie maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Ukishapata jibu hilo niandikie, nitakuambia kama unahitaji ukuta, na ukae upande gani.