Damu Ikikata, Usilale Bado

Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda. Mwaka juzi, saa moja usiku, lori lilimzoa karibu na Chalinze. Paja la kulia lilivunjika hadi mfupa ukatokeza nje, na mbavu mbili zikapata nyufa. Bahati yake, waliomwokota walikuwa na akili zao. Kijana mmoja alivua shati akalikandamiza kwenye jeraha, hakuliachia mpaka hospitali. Mama muuza mahindi akafungua kitenge chake akamfunika. Hakuna aliyemwagia mafuta ya taa wala kumbandika majani ya chai. Hicho kitenge watu hukidharau, lakini aliyemwaga damu nyingi mwili wake ukipoa, damu inaganda kwa shida, anaweza kuendelea kuvuja hata ukiwa unakandamiza.

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Paja moja likivunjika laweza kumeza lita nzima au zaidi, na sehemu kubwa huioni kwa sababu inajaa ndani ya nyama. Walipompima himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba hewa, ilikuwa 5.8, chini sana. Tukaambiwa tutafute wachangiaji. Wakaja wenzake wa kijiweni kumi na mmoja, helmeti mkononi, mmoja akakataliwa kwa uzito mdogo akanuna kweli. Aliongezewa, akaingizwa thieta, siku ya tatu anakunywa uji na kuwatania wauguzi. Tukamshukuru Mungu, kila mtu akarudi kazini kwake. Hapo ndipo tulipojisahau.

Usiku wa sita nilikuwa nimeruhusiwa kubaki naye. Akaniuliza, "Dada, umeingiza pikipiki ndani?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena. Mara ya tatu akaniita mama. Nikamgusa paji la uso: baridi, lina jasho. Nikajisemea, homa hana, hizi ni dawa za maumivu zinamchanganya. Nikajifunika khanga yangu.

Muuguzi wa zamu alipopita hakumgusa paji. Alishika saa yake iliyobanwa kifuani, akakodolea mbavu za mgonjwa, akahesabu pumzi dakika nzima bila kusema neno. "Thelathini na mbili," akasema. Kisha akainama kutazama mfuko wa mkojo: kidogo tu kimekaa chini, rangi kama ya chai iliyokolea. Akaondoka mbio kumwita daktari, na muuguzi mzoefu hakimbii ovyo. Kulipokucha tukaambiwa ana maambukizi ya mapafu ambayo yameshasambaa kwenye damu. Ule mguu tuliokuwa tunaukagua kila asubuhi ulikuwa safi kabisa.

Nilimuuliza daktari: huyu ana miaka 24, hata mafua hayamshiki, imekuwaje? Akanijibu kwa mfano wa sungusungu. Mwili ukipondeka, chembe zilizopasuka humwaga vitu vya ndani vinavyofanana na vya bakteria. Kinga inasikia "mwizi!" hata kama mwizi hayupo, sungusungu wote wanakimbilia kwenye kelele na marungu, wanapiga hadi wenye nyumba. Mwili ukiona unajiumiza wenyewe, unawaamuru watulie. Sasa wale waliobaki wamechoka, wengine wamesinzia, na nyumba za pembeni hazina mlinzi. Hicho ndicho kipindi ambacho mdudu wa kawaida, ambaye siku nyingine ungemtema kwa kikohozi kimoja, anaingia na kukaa.

Kumwaga damu kunaongeza ubaya. Damu ikipungua, mwili huipeleka kwanza kwenye moyo na ubongo. Utumbo unanyimwa, ukuta wake unalegea, na bakteria wa ndani wanaweza kupenya. Homoni za mshtuko nazo zinaikandamiza kinga. Na hili lilinishangaza: kipimo kinaweza kuonyesha chembe nyeupe za damu, ndio hao sungusungu, ni nyingi, kumbe baadhi ni changa, zimetolewa kazini kabla ya kukomaa. Sisi tulidhani akishaongezewa damu kila kitu kimerudi. Damu ya kuongezewa inabeba hewa na inaokoa maisha, ila kinga haiirudishi, nayo yenyewe ni kitu kigeni ambacho mwili unalazimika kukizoea.

Kwa hiyo kama una mgonjwa wa namna hii, usiangalie jeraha peke yake. Jifunze kuhesabu pumzi: dakika nzima, bila kumwambia, maana akijua anabadilisha. Zikifika 22 au kuzidi, hasa kama jana hazikuwa hivyo, mwite muuguzi. Akianza kuongea visivyoeleweka, mkojo ukipungua, au mwili ukiwa baridi bila sababu, mwite usiku huohuo. Mimi nilikuwa nasubiri joto. Maambukizi makali yanaweza kumpoza mtu badala ya kumchemsha.

Mapafu ya mdogo wangu yaliharibikia kwenye kulala chali. Mbavu zilimuuma, akawa hakohoi, makohozi yakatulia chini. Baadaye mtaalamu wa viungo alimpa glavu ya mpira aipulize kama puto, mara kumi kila saa akiwa macho, tukiinua kitanda upande wa kichwa. Angepulizishwa tangu siku ya pili, nadhani tusingefika kule. Kama wodini kwenu hawajawaambia, ulizeni.

Wageni ni shughuli nyingine. Shangazi yetu alitoka sokoni moja kwa moja, akashika bandeji kuona "pameponaje", kisha akapapasa mahali kanula, ule mrija wa dawa wa mshipani, ilipoingilia huku akiomba dua. Ni mkubwa kwetu, nani amwambie? Nilijifunza kukaa mlangoni na chupa ya maji na sabuni, nanawisha kila mtu kama kwenye shughuli ya harusi. Kwa mtindo huo hakuna anayejisikia kafukuzwa. Mwenye mafua nilimwomba apige simu.

Chakula: ndugu walileta juisi ya rozela na bitiruti mpaka kabati likajaa, eti rangi nyekundu inaongeza damu. Si mbaya, lakini mwili uliojeruhiwa vibaya hujila misuli yake wenyewe ili upate malighafi ya kutengenezea kinga na kufunga kidonda. Unataka mayai, samaki, dagaa, maharage, maini. Chungwa pembeni linasaidia madini ya chuma kuingia. Chai ya rangi pamoja na mlo inayazuia, isubirishe saa moja hivi.

Kitanda cha jirani alikuwapo kijana aliyetolewa bandama baada ya kugongwa. Kwake jambo hili haliishi mwezi wala mwaka: bila bandama, baadhi ya bakteria na hata malaria vitampiga kwa ukali maisha yake yote. Anahitaji chanjo za kuzuia nimonia na homa ya uti wa mgongo, chandarua kila usiku, na akipata homa asikae nyumbani kumeza panadoli. Ndugu zake walikuwa wanafungasha mizigo bila kuuliza lolote. Mwenye ndugu wa hivyo, aulize kabla ya kusaini karatasi ya kuruhusiwa.

Wa kwangu alitoka baada ya wiki saba. Kwa kuwa hakuwa na kumbukumbu ya kuchanjwa pepopunda, alipigwa sindano siku ya ajali, nyingine baada ya mwezi, na ya tatu ilitakiwa baada ya miezi sita. Hiyo ya tatu nusura tuisahau. Mguu ulikuwa umeshapona, ameshaanza kuulizia pikipiki. Nilimfuata kijiweni nikampakia kwenye bodaboda ya mwenzake hadi kliniki.