Mwembe uliogugunwa na punda

Dada yangu wa Lamu, tafadhali usiukate mwembe huo. Umesema punda ameguguna gome upande mmoja, kama robo ya mzunguko wa shina. Jeraha la kiasi hicho mara nyingi mti huliziba wenyewe. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome, kwa hiyo hatari kubwa ni gome kubanduka pande zote. Chukua kisu kikali, kisafi, ukate vipande vilivyolegea mpaka ufikie gome lililoshikamana, basi. Lami, rangi, oili chafu, usipake kabisa: hufungia unyevu ndani na kidonda kikaoza. Mwagilia maji matamu, si ya kisima cha chumvi. Na shina lizungushie wavu leo hii, kabla punda hajarudi.