Benki, benchi na ukingo wa mto: ndugu watatu wa neno moja la Kiingereza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu mkoani Tanga. Katika zoezi la tafsiri tulipewa sentensi ya Kiingereza kuhusu mzee aliyekaa kwenye "bank" akitazama ngalawa zikirudi. Nusu ya darasa tuliandika kwamba mzee alikaa benki, na wenzetu wakaandika kwamba alikaa ukingoni. Kamusi yetu inalipa neno hilo maana nyingi, na nyingine hazielekei kuwa na uhusiano wowote. Je, hili ni neno moja, au ni maneno mbalimbali yaliyofanana kwa bahati tu? Na msomaji atatambuaje maana iliyokusudiwa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Walioandika ukingoni wamepatia, na ushahidi wao ni zile ngalawa. Hata hivyo, swali lako la pili ndilo lenye kina, nami nitakaa nalo kwa muda kwa sababu wanafunzi wengi hupewa orodha ya maana za neno hili wazikariri, bila ya kuelezwa zilikotoka. Katika kamusi kubwa za Kiingereza "bank" huandikwa kama maneno mbalimbali, kila moja na ingizo lake, lakini ukifuata nasaba yake utayakuta yote kwa babu mmoja. Hayakufanana kwa bahati. Ni ndugu waliotengana utotoni, wakarudi nyumbani kwa milango tofauti.

Babu huyo ni neno la lugha ya kale iliyozaa Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia. Lugha hiyo haikuacha maandishi, na wanaisimu wameijenga upya kwa kulinganisha watoto wake. Neno lenyewe wanaliandika "bankiz", na lilihusu kitu kirefu kilichoinuka: tuta la udongo, au kiti kirefu cha kukalia watu kadhaa. Mtu yeyote aliyewahi kupumzika shambani akakaa juu ya tuta kwa kukosa kiti ataelewa mara moja jinsi tuta na kiti vilivyoweza kuitwa kwa jina moja.

Mlango wa kwanza ni wa nyumbani. Waingereza wa kale walilirithi neno hilo, nalo likageuka vinywani mwao hadi likawa "bench", ambalo sisi tumelichukua kwa jina la benchi. Tazama lilivyobadilika. Ile irabu i iliyokuwa karibu na mwisho wa neno iliivuta a ikawa e, ikailainisha k ikawa ch, kisha yenyewe ikapotea, ikabaki athari yake tu. Badiliko la k kuwa ch si geni kwetu. Tunasema kiti na kitabu, lakini ki ikikutana na irabu nyingine mara nyingi hugeuka ch, ndiyo maana tunasema kitabu changu wala hatusemi kitabu kiangu. Katika Kiingereza badiliko hilo lilipita katika maneno mengi, na hata leo kanisa ambalo Mwingereza huliita "church" Mskoti huliita "kirk". Kwa hiyo, ch iliyo katika "bench" ni alama ya neno lililozaliwa na kukulia hapo hapo, na k iliyo katika "bank" ni alama ya mgeni.

Mgeni wa kwanza aliingia na Waviking. Kuanzia karne ya 9 watu wa Denmark na Norwe walivamia kaskazini na mashariki ya Uingereza, na wengi wao hawakurudi kwao. Walilima, wakaoa, wakachanganya lugha. Waingereza walipokea kutoka kwao maneno ya kawaida kabisa ya maisha, kama vile "egg" kwa yai na "sky" kwa anga. Katika lugha ya Waskandinavia hao neno letu lilikuwa limebaki na k yake, na lilitaja tuta, mwinuko au mteremko wa ardhi. Hapo ndipo ilipotoka maana ya ukingo wa mto, kwa kuwa ukingo ni ardhi iliyoinuka kando ya maji. Hapo ndipo pia ilipotoka maana ya mwinuko wa mchanga chini ya maji, kama ule mkubwa wa Dogger Bank katika Bahari ya Kaskazini. Wewe uliye mwenyeji wa Tanga huhitaji kuelezwa kitu hicho, kwa sababu watu wa pwani tuna jina lake: fungu. Wavuvi wa Dar es Salaam wana Fungu Yasini, na hakuna nahodha atakayeliita benki. Linalonifurahisha zaidi ni kwamba neno fungu nalo ni pana: ni mchanga baharini, ni nyanya zilizopangwa sokoni, na ni fedha zilizotengwa katika bajeti. Basi tusiwashangae Waingereza kwa kuuweka mchanga na fedha chini ya jina moja.

Maana ya mwinuko imezaa vitenzi pia. Barabara au reli ikijengwa na upande mmoja wa kona umeinuliwa, Waingereza hulitumia neno hili, na kutoka hapo likahamia kwa ndege inayolalia ubavu mmoja inapogeuka. Hulitumia vilevile kwa moto. Jikoni kwa marehemu bibi yangu, chakula cha usiku kilipokwisha, makaa makubwa ya mkoko yalisogezwa katikati ya mafiga, yakarundikiwa majivu hadi kikatokea kichuguu kidogo cha kijivu. Alfajiri bibi alikifukua kichuguu kile kwa kijiti, akaweka makumbi, akapuliza mara mbili, na chai ikapikwa bila ya kiberiti. Sisi husema kufukia moto. Mwingereza anatumia kitenzi "bank", na ukishajua kwamba asili yake ni tuta, utaiona picha ileile ya majivu yaliyorundikwa.

Sasa tufike kwenye fedha, mlango ambao historia yake ni ndefu kuliko yote. Baada ya Dola ya Kirumi ya Magharibi kuanguka, makabila ya kaskazini yaliingia Italia na maneno yao, na neno la kiti kirefu likabaki katika Kiitaliano kwa sura za "banco" na "banca". Karne kadhaa baadaye, miji kama Florence, Genoa na Venice ilikuwa ikifanya biashara kubwa huku kila mji ukitengeneza sarafu zake. Florence ilianza kutoa sarafu yake maarufu ya dhahabu, florin, mwaka 1252. Mfanyabiashara aliyefika na sarafu za ugenini alimhitaji mtu wa kuzipima na kuzibadilisha, na mtu huyo alikaa mahali pa wazi nyuma ya meza au benchi lake, sarafu zikiwa mbele yake. Watu wakaanza kusema wanakwenda kwenye benchi, kama sisi tunavyosema tunakwenda dirishani, na taratibu jina la samani likawa jina la kazi, kisha likawa jina la taasisi. Familia ya Medici ilipoanzisha benki yake mjini Florence mwaka 1397, neno lilikuwa limeshakomaa. Waingereza walilipokea mwishoni mwa karne ya 15, kupitia Kifaransa na kwa wafanyabiashara wa Italia waliofika London, ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la mtaa wa Lombard Street. Benki Kuu ya Uingereza yenyewe ilianzishwa mwaka 1694.

Usidhani Waitaliano ni watu wa ajabu kwa kuligeuza benchi kuwa taasisi. Kigiriki kilitangulia kufanya hivyo kwa meza: neno "trapeza" lilikuwa meza ya kulia chakula na meza ya mbadilishaji fedha, na mpaka leo Mgiriki akisema anakwenda benki hutumia neno hilohilo. Wasomaji wa Injili watazikumbuka meza za wabadili fedha zilizopinduliwa hekaluni. Katika maandishi ya Kigiriki jina lake ni hilo. Nasi Waswahili tunao mfano ulio bora kuliko huo, nao ni baraza. Ukitembea Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar utaliona baraza mbele ya nyumba, kiti cha mawe kilichojengewa ukutani, ambapo wanaume hukaa jioni wakanywa kahawa na kuzungumza ya mtaa. Wanaokaa hapo wakaitwa baraza, mazungumzo yao yakaitwa baraza, na leo tuna Baraza la Mawaziri na Baraza la Wawakilishi, ambamo hakuna mtu anayekaa juu ya jiwe. Kila mwanafunzi anayeshindwa kuona benchi ndani ya benki namwelekeza kwenye baraza, na hapo huona.

Kutoka kwenye benchi, hasa kwa njia ya Kifaransa, ilitoka pia maana ya safu. Wapiga makasia waliokaa kwenye mabenchi walifanya safu, na baadaye neno likatumika kwa safu za vibonye vya kinanda na za swichi ukutani. Hata "banquet", yaani karamu au dhifa, ni kibenchi cha Kiitaliano. Nayo maana ya akiba imeendelea kuzaa: mwaka 1937, katika hospitali ya Cook County mjini Chicago, daktari Bernard Fantus alianzisha mahali pa kuhifadhi damu iliyotolewa, akapaita benki ya damu, kwa kuwa watu waliweka na kutoa. Benki za mbegu zimefuata mfano huo.

Utaitambuaje, basi, maana iliyokusudiwa? Kiingereza hakina ngeli za kukusaidia, kwa hiyo tazama majirani wa neno. Likitajwa pamoja na mto, maji, kushoto, kulia au mwinuko, andika ukingo. Na ujue kwamba ukingo wa kulia wa mto huhesabiwa kwa anayetazama maji yanakoelekea. Likitajwa katika habari za bahari na uvuvi, fikiria fungu. Likifuatiwa na vitu vilivyopangwa kwa mstari, ni safu. Kuhusu eneo la Wapalestina lililo magharibi ya mto Yordani, tafsiri yake ni Ukingo wa Magharibi, na anayeandika Benki ya Magharibi amekosea kwa namna inayoweza kumpotosha msomaji wa habari.

SWALI: Bwana Mwalimu, mimi ni mfanyabiashara. Nimesikia kwamba neno la Kiingereza la kufilisika linatokana na kuvunjwa kwa benchi. Je, ni kweli? Na neno letu muflisi limetoka wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Neno "bankrupt" limetokana na Kiitaliano "bancarotta", yaani meza au benchi lililovunjika, na Waingereza waliirekebisha sehemu yake ya mwisho ili ifanane na Kilatini. Waliliingiza katika lugha yao katika karne ya 16, karne ambayo pia walitunga sheria yao ya kwanza ya watu waliofilisika, mwaka 1542. Simulizi maarufu husema kwamba mbadilishaji fedha aliyeshindwa kulipa alivunjiwa benchi lake hadharani, mbele ya waliomdai. Mimi siifundishi simulizi hiyo kama historia, kwa maana neno linajieleza bila ya shoka: nasi husema biashara imevunjika, na hakuna aliyeshika nyundo.

Muflisi ni Kiarabu, pamoja na kufilisi na kufilisika. Wanakamusi wa Kiarabu hulihusisha na "fulus", sarafu ndogo za shaba: mtu aliyekuwa na dirhamu za fedha sasa amebaki na shaba tupu mkononi. Kwangu mimi picha hiyo ina uchungu zaidi kuliko ya benchi, kwa sababu inamwonyesha mtu akihesabu alichobakiwa nacho. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa biashara, utapenda kujua kwamba sarafu nayo imetoka katika mzizi wa Kiarabu wa kubadilisha fedha, mzizi uleule uliozaa "masrif", jina ambalo Waarabu huipa benki wanapolikwepa neno la kigeni.

SWALI: Ndugu Mwalimu, huku kwetu tunasema banki, na jamaa zetu wa Tanzania hutusahihisha kwamba ni benki. Nani yuko sawa? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Nyote, ndugu yangu. Ninyi mmelipokea kutoka katika "banque" ya Kifaransa, ambayo a yake ni a, na majirani zenu wa Rwanda vilevile wana Banki Nkuru y'u Rwanda. Watanzania na Wakenya walilisikia kwa Mwingereza, ambaye a yake hapo masikioni mwetu hukaribia e, ndiyo maana tuna pia bendi, bendeji na meneja. Kiswahili sanifu kimeshika benki, kwa hiyo katika mtihani na katika barua rasmi ya Afrika Mashariki andika benki. Lakini mama wa Bukavu anayekwenda banki hana kosa la kusahihishwa. Wafaransa walilitenga benchi na benki kwa tahajia, "banc" na "banque". Wajerumani wanatumia neno moja, "Bank", kwa vyote viwili, na huvitofautisha katika wingi tu: mabenchi ni "Bänke", benki ni "Banken".