Kuhema kupita kiasi: maswali yenu ya wiki hii

Nikishikwa na wasiwasi kwa matatu ya Rongai vidole vinakufa ganzi na mdomo unawashwa. Ni kiharusi?

Pole dada. Mara nyingi hiyo ni kuhema. Ukihema mbio mbio huongezi oksijeni ya maana juu damu ya mtu mzima kiafya tayari imejaa, kile unafanya ni kutoa kaboni dayoksaidi kuliko vile mwili unaitengeneza, na hiyo ikiwa ndani ya damu ndio huleta asidi, so ikipungua pH (kipimo cha asidi, ikipanda ujue asidi imepungua) inapita 7.45 (kawaida ni 7.35 mpaka 7.45, ona vile nafasi ni kidogo). Hapo kalisiamu inajishika na protini za damu, ile huru inapungua, neva zinaanza kujishtua na hata mkono unaweza kujikunja. Mishipa ya ubongo nayo inajibana, kichwa kinazunguka, unaogopa, unahema zaidi. Lakini kama ni upande mmoja wa mwili, ama uso umepinda, ama maneno hayatoki, wachana na mimi kimbia hosi.

Nipumulie ndani ya mfuko wa karatasi kama kwa sinema?

Hapana. Kumbe ni pumu, ama moyo, ama damu imeganda kwa mapafu, na wewe unamnyima mtu oksijeni. Keti, vuta kwa pua, toa polepole kuliko ulivyovuta.

Baba ana kisukari, tangu asubuhi anatapika na anahema kwa nguvu. Nimtulize apumue polepole?

Usijaribu! Hapo mambo ni kinyume. Pengine damu imejaa asidi za ketoni (zile mwili hutoa ukichoma mafuta badala ya sukari) na mapafu yanajaribu kuipunguza, huko kuhema ndio kunamshikilia. Emajensi, saa hii, usingoje kesho.

Tunapanda Point Lenana, Mlima Kenya. Tutahema hivyo mpaka lini?

Mita 4,985 si mchezo, hewa ni nyepesi, mtahema tu na damu itaegemea upande wa alkali, kinyume cha asidi. Figo ndio zinarekebisha, zinamwaga baikaboneti (ile hupunguza asidi kwa damu) kwa mkojo, ila zinataka siku kadhaa, ndio maana hawa watu wa kupanda mbio mbio huniudhi. Kuna dawa, asetazolamaidi, inazisukuma figo zimwage mapema, lakini ongea na daktari kwanza.

Kabla ya kupiga mbizi nihemeheme kwanza?

La. Kinachokulazimisha kuvuta pumzi hasa ni kaboni dayoksaidi kupanda. Ukiimaliza mapema hutasikia hiyo hamu, oksijeni inaisha kimya kimya na unazimia chini ya maji. Watu wamekufa hivyo kwa swimingi ya kawaida, na walikuwa wanajua kuogelea vizuri.